Picha ya Alhamisi

Tarehe 12 Januari

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa kilichomo tumboni kabla hakijapewa jina.

Kwa mjukuu wangu mpenzi, mke mwenzangu, mkata vioo wa ukoo wetu. Salamu nyingi zikufikie wewe na mumeo. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Nyonga inanisumbua niinukapo kutoka kwenye mswala, lakini bado huinuka. Babu yako hajambo, ila masikio yake yametangulia kustaafu. Juzi mama yako alipiga simu, babu yako akaiwahi, akajibu kila swali kwa sauti ya mnadi, na jioni yake muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akaniuliza kama homa ya mama yako imepoa. Ndiyo sababu nakuandikia. Simu katika nyumba hii ni mkutano wa hadhara. Barua nitampa dereva wa lori la vioo, ambaye amesema atapita karakana yenu akipata shehena.

Babu yako anasema, "Mwambie mke wangu mdogo kwamba huyu mkubwa amenipikia uji wa chumvi." Nikamjibu kwamba chumvi aliitia mwenyewe akidhani ni sukari. Hakusikia, au hakutaka kusikia.

Sasa nilifikie lile lililokufanya uniandikie. Umenieleza kwamba miaka minne ya ndoa imepita bila mtoto, na daktari wa akina mama ametaka upigwe picha ya eksirei ya njia za uzazi. Dawa ya majimaji itatiwa kizazini kwa mpira mwembamba, na picha itaonyesha kama inapita katika mirija yote miwili au imezuiwa. Umesema kipimo hicho hufanywa hedhi ikishakatika na kabla yai halijashuka, na kwamba tangu damu ianze mpaka siku ya picha usikutane na mumeo, isije mimba changa ikapigwa mionzi. Kisha umeniuliza mambo mawili. Je, inajuzu kulala mbele ya mpiga picha ambaye huenda akawa mwanamume? Na je, kukitafuta kwa mashine alichokificha Mungu si kukosa subira?

Kuhusu la kwanza, omba mwanamke. Akikosekana, aliyepo ni tabibu nawe ni mgonjwa, na haja huruhusu kwa kadiri ya haja, isipite hapo. Mimi nimeosha wanawake waliofariki tangu mama yako hajaota meno, na kazi hiyo imenifunza kuwa sitara si kutoguswa kabisa. Sitara ni kuguswa na mtu anayeujua mpaka wa mkono wake.

Na la pili, subira si kukaa gizani na taa ipo. Aliyeangusha sindano huinama kuitafuta, naye huku ameinama anaomba.

Nina wasia mmoja. Kila utakapotwaharika, Alhamisi ya kwanza ifunge, na saa ya kufuturu umwombe Mola wako haja yako. Ibada hiyo iwe siri yenu wawili, wewe na Yeye. Usimwambie mtu, isije ikaingiwa na tamaa ya kuonekana.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi.

Bibi yako.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na mume wetu. Sisi tu wazima. Barua yako ilikaa sana njiani kwa sababu lori liliharibika, na dereva akaitunza chini ya kiti pamoja na spana zake, kwa hiyo ilifika ina alama ya girisi juu ya neno "mpenzi". Niliifuta nikashindwa.

Kazini tumepata kazi ya madirisha ya shule. Mkuu wa karakana sasa ananiachia mimi kukata vipande virefu, maana anasema mkono wake umeanza kutetemeka. Mume wangu yuko kwenye pampu za maji usiku na mchana. Mama mkwe amekuja kututembelea. Alisema atakaa wiki mbili, na sasa amepanda mchicha nyuma ya nyumba.

Kuhusu kile kipimo, nilikwenda. Nilipangiwa Alhamisi. Picha haikutoka vizuri, wamesema nirudie mwezi mwingine. Nilipata kizunguzungu kidogo lakini kimeisha.

Sina la ziada. Mwambie babu kwamba uji wa chumvi ni dawa ya mafua, asilalamike.

Mke mwenzio.


Tarehe 15 Machi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye kwake hakuna mlango uliofungwa ila kwa idhini yake.

Mjukuu wangu, salamu na dua. Marahaba. Babu yako ameanguka kidogo kwenye kizingiti, amechubuka kiwiko, na anakieleza kiwiko hicho kwa kila apitaye kana kwamba ametoka vitani. Mimi nimeendelea kuwafundisha wanawake wangu siku za Jumapili. Wiki hii tumemzika jirani yetu mshona magodoro, nami ndiye niliyemuosha, Mungu amrehemu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Mchicha umeueleza vizuri. Kipimo umekipitia kama mtu anayevuka barabara asitake kutazama kushoto wala kulia.

Nami nina swali moja tu, nataka ulijibu bila kunihurumia. Siku ile ya Alhamisi, asubuhi kabla hujatoka nyumbani, ulikula nini?

Yapo mengine yaliyonifikia hapa, lakini sitayaandika, kwa kuwa aliyeyaleta hakuleta ushahidi, na kwa kuwa nataka niyasikie kwako kwanza.

Mungu akupe utulivu.

Bibi yako.


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu, na pole ya kiwiko.

Nilitaka kuanza na habari za kazi nikashindwa. Nitakueleza yote.

Sikula kitu, Bibi. Nilikuwa nimetwaharika siku mbili kabla, na hiyo ndiyo ilikuwa Alhamisi ya kwanza. Kumbe kipimo chenyewe hakina siku nyingine ila siku hizo hizo. Nilikula daku kabla ya alfajiri nikanuia, basi. Hospitali kuna muuguzi mmoja, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniuliza, "Umekula, binti?" Nikasema nimekula. "Na vidonge vya maumivu tulivyokuambia umeze saa moja kabla, umemeza?" Nikasema nimemeza. Vilikuwa mkobani. Sikukusudia uongo. Nilikuwa naificha ibada yangu kama ulivyoniusia, na pale sikuona mahali pengine pa kuifichia.

Wakanipa joho fupi, liko wazi mgongoni. Chumba kina baridi, meza ni ya chuma, na ile mashine inaning'inia juu yako kama mtu aliyeinama kukusikiliza. Mpiga picha alikuwa mwanamume, kijana tu, mwenye adabu, hata uso wangu hakuutazama. Lakini mimi nilianza kutetemeka kabla hajanisogelea mtu. Joho lilikuwa likipanda, nami nikilivuta, muuguzi akisema, "Acha mikono, binti, acha mikono." Dawa ilipoanza kuingia nilisikia kama kuna mtu ananikamua kwa ndani jinsi tunavyokamua matambara ya kufutia vioo. Nakumbuka nilihesabu taa za darini. Kisha sikumbuki kitu. Nilizinduka muuguzi ananipepea na faili.

Walimwita mume wangu aje kunichukua. Daktari akatuonyesha picha ukutani, akasema, "Mnaona, dawa imeishia hapa na hapa. Pande zote mbili haikupita. Lakini siiamini picha hii. Mirija ina misuli. Mtu akiumwa sana na akiogopa, hujikaza, ikaonekana imefungwa kumbe iko wazi. Arudi akiwa amekula, amemeza dawa na ametulia."

Tulirudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Wamesemaje?"

Mume wangu akasema, "Wamesema imefungwa."

Nilingoja aseme lililobaki. Akaomba maji ya kunawa.

Tangu siku hiyo mama mkwe haniiti tena mwanangu. Akipanga mboga zake, mume wangu akiwapo, husema kwa sauti, si kwangu, kwa mboga. "Wewe ni fundi pampu, mwanangu, unajua bomba lililoziba halibembelezwi." Mume wangu hacheki, lakini pia hamkatazi. Nilipomwambia chumbani kwamba daktari alisema picha haiaminiki, alijibu, "Mama ni mzee, mwache aseme." Ukuta wa chumba chetu ni mwembamba, nami nimesikia jina la binti mmoja likitajwa sebuleni, na mwisho wa mwezi ujao ukitajwa, na jina la mjomba wa mume wangu, yule muuza mbao.

Sikutaka kukuandikia haya. Lakini katika barua yako hukuniita mke mwenzio. Tangu nijue kusoma hujawahi kuacha. Ndipo nikajua kwamba wameshafika kwako, na kwamba neno hilo limekuwa chungu kinywani mwako kama lilivyokuwa kwangu.

Sitaki kurudi kwenye ile meza, Bibi. Ikiwa imefungwa kweli, nitakuwa nimekwenda kuwatafutia ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mjukuu wako.


Tarehe 14 Aprili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Msitiri wa waja wake.

Mjukuu wangu, salamu, na machozi ambayo hayahitaji kuandikwa. Safari hii dereva anaondoka kesho alfajiri, hivyo barua haitalala.

Ni kweli, walifika. Mjomba wa mumeo alikuja na mzee mwingine nisiyemjua, wamevaa vizuri. Nikawakaribisha, nikawapa maji. Muuza mbao akamsogelea babu yako akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, tumekuja kwa heri."

Babu yako akasema, "Eeh?"

"Tumekuja kwa heri, kuhusu vijana wetu."

"Sema kwa sauti, bwana, mimi masikio yangu ni ya urembo!"

Mjomba akatazama mlangoni. Muuza mkaa alikuwa amekaa juu ya gunia lake, wateja wake watatu wamesimama. Akajaribu tena, "Kuhusu yule binti, mke wa kijana wetu, kwamba hospitali wameona—"

"Wameona nini? Paza sauti!"

Mjukuu wangu, yule mtu mzima aliyachukua maji yake akanywa. Hakuweza kulipigia kelele neno alilolibeba safari nzima. Babu yako akaniambia baadaye, "Nilimsikia tangu mara ya kwanza." Basi nikawaambia mimi, kwa upole, kwamba neno ambalo mtu anaona haya kulitamka mbele ya muuza mkaa hawezi kulijengea ndoa ya pili. Na kwamba sisi tunangoja picha itakayoaminiwa na daktari aliyeiagiza. Wakasema watangoja mpaka mwisho wa Mei. Hilo ndilo nililokuficha, kama wewe ulivyonificha mimi, na tazama jinsi siri zetu zilivyotufikisha.

Sasa sikiliza hukumu ya Alhamisi yako. Kufunga kwa hiari siku ya tiba, na tiba yenyewe inataka ule na umeze dawa, si ibada. Mgonjwa amefunguliwa hata iliyo faradhi, sembuse sunna? Na kuificha ibada kwa kumwambia tabibu uongo ni kukichoma kitanda ili kuua kunguni. Lakini kosa kubwa ni langu. Nilikuambia funga siku hizo na nilijua kwa barua yako kwamba kipimo kiko siku hizo hizo. Nilikuwa nikitazama saa ya kufuturu, sikutazama asubuhi yake. Nimetubia. Wewe usilibebe.

Hofu yako ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, ya kwamba utawatafutia ushahidi. Mwanangu, ushahidi wanao tayari, nao ni wa uongo, umetolewa na mwili ulioteswa. Anayekiri akiwa anapigwa, ungamo lake halisimami mbele ya kadhi yeyote mwadilifu. Mwili wako ulijikunja kwa njaa na haya, ukasema "nimefungwa". Uulize tena ukiwa umeshiba. Ukisema vilevile, tutalia pamoja na tutajua tunalilia nini.

Basi ukipata hedhi, mwambie mumeo wazi kwamba hamtakutana mpaka siku ya picha, na umwambie sababu, asije akadhani umemsusa. Siku yenyewe kula uji, kula na mkate. Meza vidonge kwa wakati waliokuambia. Mwambie yule mama wa miwani ukweli wote. Kisha kikunjue kitambaa nilichokufungia humu. Jifunike kutoka kifuani mpaka vidoleni kabla hawajakuinua miguu. Wakitaka kufanya kazi, wakunje upande mmoja, pale wanapopahitaji na si zaidi. Mkono upite chini ya nguo, jicho lifuate mkono. Hivyo ndivyo sisi tunavyoosha, na kwa miaka yote hii sijamfunua mtu mzima mzima. Tofauti ni moja. Maiti hasemi, ndiyo maana sisi hubembeleza mkono. Wewe una ulimi. Ukiumia sema, "Naumia, ngoja kidogo." Hakuna dhambi katika maneno hayo.

Mungu akutangulie mlangoni na abaki nawe mezani.

Bibi yako.


Tarehe 29 Mei

Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu mwenye masikio ya urembo.

Huku tu wazima. Madirisha ya shule yamekwisha. Mchicha wa mama mkwe umeliwa na mbuzi wa jirani, na kwa siku mbili nyumba nzima ilipumzika kwa sababu alikuwa na adui mwingine.

Mwezi wa nne sikwenda. Nilikaa na kitambaa chako mkobani, nikafika mpaka geti la hospitali, nikageuka. Sikukuandikia kwa aibu. Mwezi huu nimekwenda.

Nilimwambia muuguzi yote. Akavua miwani, akaifuta. "Kwa hiyo ulinidanganya mimi ili Mungu akusikie?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Haya. Siku nyingine nidanganye umri wako, kama wenzako." Kisha akanishika mkono, na hakuuachia mpaka mwisho.

Kwenye meza nilikikunjua kitambaa. Bibi, kilipokunjuka kikanuka karafuu maiti. Nikajua palepale. Ni ile nguo iliyo chini kabisa kwenye kasha lako, uliyotuonyesha tukiwa wadogo ukatuambia, "Hii siku yangu ikifika msihangaike." Uliikata. Uliikata sanda yako, na katika barua ukaandika kitambaa tu.

Nilitaka kushuka. Halafu nikajifunika, maana sikujua la kufanya isipokuwa ulichoniagiza. Muuguzi akakunja upande mmoja mpaka gotini, nikamwonyesha hapa, hapa pasizidi. Yule mpiga picha akasimama nyuma ya kioo chake akangoja niseme niko tayari. Iliuma. Nikasema, "Naumia, ngoja kidogo." Wakangoja. Hilo sikulitarajia, kwamba watangoja. Sikutetemeka. Nililala chini ya nguo yako ya mwisho nikiwa hai, nikawaza kwamba kama wewe hukuiogopa, kwa nini mimi niogope meza?

Daktari akanionyesha. Dawa imepanda, ikapita kulia, ikapita kushoto, ikamwagika kwa nje pande zote mbili kama moshi unavyotoka madirishani mwa jiko. Iko wazi, Bibi. Yote miwili. Nililia mpaka mama wa miwani akanipa pamba badala ya kitambaa. Kisha daktari akasema, bila kuinua kichwa, "Sasa aje mume wako apimwe."

Mama mkwe nilimweleza mimi mwenyewe, mume wangu amesimama hapo. Akanitazama, akasema, "Kama iko wazi, mbona hakuna kitu?"

Kwa miaka minne kila swali katika nyumba ile lilikuwa likitua kwangu. Hilo halikutua kwangu. Nililiona likizunguka, na nikamwona mume wangu analiona.

Jioni aliichukua ile picha akaiweka dirishani, akaishika kwa ncha za vidole kama ninavyoshika kioo. Akaitazama mpaka mwanga ukapungua. Akaniuliza, "Na mimi watanipiga hii?" Nikamwambia hapana, wewe utapewa kikopo tu. Akacheka, mara moja, kisha uso ukamrudi. "Siku ile," akasema, "nilisikia maneno yote ya daktari." Tangu hapo ni siku nyingi na hajasema atakwenda wala hatakwenda. Analala ameelekea ukutani. Ile picha hajaiondoa dirishani, na mama yake amesema inaleta mikosi, naye amesema iachwe.

Sijui furaha yangu niiweke wapi. Nilidhani ikiwa wazi nitakuwa nimemaliza, na sasa namwona yeye akiingia katika chumba nilichotoka mimi.

Nguo yako nimeifua kwa mkono, nimeianika ndani, nakurudishia. Ishone ulipoikata. Sanda haipunguzwi kwa ajili ya mtu kama mimi.

Mjukuu wako.


Tarehe 12 Juni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, afunguaye na afungaye, na vyote viwili ni hekima yake.

Mke mwenzangu, salamu. Nimekuita hivyo kwa sababu neno hilo ni letu, na sitamwachia muuza mbao alichukue. Babu yako ameisikia habari yako kwa sauti ya kawaida kabisa, akatoka nje akakaa na muuza mkaa, wala hakumwambia neno. Ndipo nilipojua kwamba amefurahi.

Muuza mbao alirudi mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Nikamwambia iko wazi. Akasema, "Basi tatizo ni nini?" Nikamwambia sijui, wala yeye hajui, na mizani yenye kitanga kimoja haipimi kitu, ni sahani tu. Kikao hakipo mpaka kitanga cha pili kitakapopimwa. Amekubali kwa ulimi. Moyo wake sikuuona.

Mumeo msubiri, lakini usimpunguzie swali. Alisikia maneno yote siku ile akayasema nusu, na sasa nusu iliyobaki imemkaa kooni. Usimsukume na usimbembeleze. Siku akisema twende, mwambie ale, mwambie asiseme uongo kwa muuguzi, na umngoje nje mlangoni, maana wewe unajua kulivyo ndani. Akikataa moja kwa moja, niandikie. Nyumba hii ina chumba, na mimi bado naweza kusimama mbele ya wazee, hata kwa nyonga hii. Mtoto sikuahidi, wala daktari hakukuahidi. Mlango kuwa wazi si mgeni kufika.

Nguo nimeipokea, nimeinusa, umeifua vizuri. Sikuirudisha kashani. Naifunga tena na barua hii, na safari hii usinirudishie. Sanda yangu imepungua kipande, nami nimewaambia waoshaji wenzangu waunge kingine siku yangu itakapofika. Mshono si aibu kwa maiti. Kipande hicho ni chako. Akija mtoto, mpokee nacho. Asipokuja, jifunike nacho kila watakapotaka kukuona kuliko haki yao, na ukumbuke kwamba ulilala chini yake ukasema ngoja, na watu wakangoja.

Mwenyezi Mungu akusitiri wewe, amsitiri mumeo na hofu yake, amlainishe mama mkwe na mboga zake, na asikifunge chochote katika nyumba hiyo ila akifungue kilicho bora zaidi. Amina, na tena amina.

Bibi yako, mke mkubwa.